James Madison: Mafahali Wawili katika Zizi Moja

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo watu wengi huamini kwamba haiwezekani serikali mbili kutawala watu wale wale kwa wakati mmoja. Hata hivyo palikuwa na mtu mmoja huko Marekani, mfupi wa kimo, mdhaifu wa mwili na mwenye sauti ndogo, aliyetumia umri wake kutafuta namna ya kulijenga zizi hilo. Mtu huyo ni James Madison, Rais wa nne wa nchi ile. Yapasa wanachama na wafanyakazi wayajue maisha yake, maana yana fundisho la kuiga na fundisho la kuogopa.

Madison alizaliwa tarehe 16 Machi, 1751, katika Virginia, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa tajiri wa tumbaku, na shamba lake lililimwa na watumwa Waafrika. Kwa jasho la watumwa hao kijana Madison alipata elimu, akahitimu mwaka 1771 katika chuo kiitwacho leo Princeton.

Makoloni 13 yalitangaza uhuru mwaka 1776, na baada ya vita yakapata amani kwa mkataba wa mwaka 1783. Lakini umoja wao ulikuwa umoja wa jina tu. Kwa Mkataba wa Shirikisho ulioanza kutumika mwaka 1781, Baraza la Kongresi halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Lilikuwa likiyaomba majimbo fedha kama maskini aombavyo mlangoni, nayo majimbo yakitoa yalipopenda. Mkataba wenyewe haukuweza kubadilishwa ila majimbo yote 13 yakubali. Jimbo moja likikataa, shauri limekwisha. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts walioelemewa na madeni na kodi walishika silaha, na Kongresi haikuwa na jeshi wala fedha za kukabiliana na jambo lile.

Madison aliona kwamba mambo hayo hayatakwenda. Alijifungia akasoma habari za mashirikisho ya kale na ya siku zake, akitafuta sababu zilizoyaangusha. Mkutano ulipokusanyika Philadelphia mwezi Mei, 1787, wajumbe wa Virginia walikuwa na mpango tayari, na sehemu kubwa ya mpango huo ilitokana na fikira zake. Wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali, maana Rhode Island ilikataa kuleta mtu.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanachama apaswa kulizingatia. Madison hakupata yote aliyoyataka. Alitaka Bunge la nchi nzima liwe na uwezo wa kuzifuta sheria za majimbo, akashindwa. Alitaka viti katika mabaraza yote mawili vigawanywe kwa hesabu ya watu. Akashindwa tena, na kila jimbo, liwe kubwa au dogo, likapewa wajumbe wawili katika Seneti. Lakini shauri lilipokatwa hakununa wala hakujitenga. Alitoka akaitetea Katiba ile kwa kalamu, pamoja na Alexander Hamilton na John Jay, katika makala 85 zilizochapishwa magazetini. Kisha akaitetea katika mkutano wa Virginia mbele ya Patrick Henry, msemaji hodari kuliko wote. Mwezi Juni, 1788, Virginia iliikubali Katiba kwa kura 89 dhidi ya 79.

Siri ya Katiba ile ilikuwa kugawa kazi. Serikali Kuu ilipewa mambo yaliyotajwa: vita, mikataba na nchi za nje, sarafu, na biashara baina ya majimbo, nayo iliweza kumtoza kodi mwananchi moja kwa moja. Wapinzani waliogopa kwamba serikali hiyo itawameza. Kwa hiyo Madison, akiwa mbunge mwaka 1789, alipeleka mapendekezo ya haki za raia. Mabadiliko 10 yalithibitishwa mwaka 1791, na la mwisho lasema kwamba madaraka ambayo Serikali Kuu haikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe.

Mizani hiyo aliishika kwa mikono yote miwili. Mwaka 1798 Serikali Kuu ilipotunga sheria ya kuwafunga walioikosoa, aliandika maazimio ya Virginia ya kuipinga. Lakini South Carolina ilipodai mwaka 1832 kwamba jimbo moja laweza kuitangua sheria ya nchi nzima, mzee huyo, mwenye umri wa miaka 81, alipinga vikali, akijua kwamba huko ndiko kuuvunja umoja.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika Katiba ile ile watumwa watano walihesabiwa kuwa kama watu huru watatu, ili mabwana wao wapate viti vingi bungeni, na utumwa wenyewe uliachwa chini ya sheria za majimbo. Hivyo ngao iliyokusudiwa kuwakinga wananchi na udhalimu ikawa ngao ya wenye mashamba. Madison alijua kwamba utumwa ni uovu, lakini alikuwa na watumwa zaidi ya 100, na alipofariki tarehe 28 Juni, 1836, wosia wake haukumwacha huru hata mmoja. Deni hilo lililipwa kwa damu katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865, na ndipo utumwa ukakomeshwa nchi nzima.

Basi mafahali wawili waweza kukaa zizi moja, iwapo mipaka imewekwa wazi na kila mmoja anaiheshimu. Lakini mwenye kuupima mgawanyo wa madaraka asitosheke kuuliza nani anatawala nini. Na aende shambani na kiwandani, amwulize mfanyakazi wa chini kabisa amepata nini katika mgawanyo huo. Swali hilo Madison hakuwauliza watu wa shamba lake mwenyewe.