Nicolas-Jacques Conté, Bwana wa Penseli

Kila mwaka jarida la chama chetu hutuletea maisha ya washairi, wakimbiaji na wapigania uhuru. Si vibaya. Lakini mara hii nimeamua kuwaletea mtu ambaye kazi yake tumeishika mikononi tangu darasa la kwanza, na jina lake wengi wetu hatujalisikia hata siku moja. Sisi tuliofanya KCPE, ule mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tulipaka majibu yetu kwa penseli ya HB kama tulivyoamriwa. Je, HB ni nini? Kwa nini si kitu kingine? Ukitaka jibu itabidi tusafiri hadi Ufaransa, kwa bwana aitwaye Nicolas-Jacques Conté. (Tamka Kontee, usije ukachekwa.)

Conté alizaliwa tarehe 4 Agosti mwaka wa 1755 katika kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Sées, jimbo la Normandy, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Hakuzaliwa katika jumba la matajiri. Kuchora na kutengeneza vitu alijifunza mwenyewe kwa kutazama na kujaribu, na alipokuwa kijana wa umri wetu hivi tayari alikuwa akichora picha za hospitali ya Sées. Hebu fikiria! Mtoto wa kijijini anakabidhiwa kazi ya fundi mzima. Baadaye akawa mchoraji wa sura za watu. Enzi hizo kamera haikuwapo, kwa hivyo bwana mkubwa akitaka wajukuu wamjue alimwita mchoraji. Conté akahamia Paris kutafuta riziki kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Wale mabwana wakubwa waliokuwa wakilipia picha, wengine walitoroka na wengine wakakatwa vichwa. Mteja akikimbia, fundi atakula nini? Hapo Conté akaushika upande wake wa pili, nao ni sayansi na mitambo, mambo aliyokuwa akiyapenda tangu zamani.

Sasa sikilizeni shida iliyoikumba nchi yake. Siku hizo penseli nzuri zilikatwa kutoka grafaiti safi iliyochimbwa mahali paitwapo Borrowdale, huko Uingereza. Inatoka ardhini ikiwa madonge meusi, watu wanaikata vipande vyembamba na kuvitia ndani ya mbao, basi. Kwa muda mrefu watu walidhani jiwe lile ni aina ya risasi, na ndiyo maana hata kamusi zetu zinasema kalamu ya risasi. Kumbe hakuna risasi hata chembe! Basi mwaka wa 1793 Ufaransa na Uingereza zikaingia vitani, na grafaiti ya Borrowdale ikawa haifiki tena Ufaransa. Msicheke mkadhani ni jambo dogo. Jeshi bila penseli litachoraje ramani? Mhandisi atapimaje daraja? Wino na unyoya wa bata huwezi kuutumia juu ya farasi.

Lazare Carnot akamtaka Conté atafute dawa. Ufaransa ilikuwa na grafaiti hafifu tu, ya unga unga, isiyoweza kukatwa vipande. Conté akaisaga ikawa laini kabisa, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akaufinyanga mchanganyiko huo kuwa vijiti vyembamba, akavikausha, kisha akavichoma katika tanuri yenye moto mkali. Ndivyo mama zetu wafinyanzi wafanyavyo vyungu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa akifinyanga kitu cha kuandikia. Haki ya uvumbuzi huo aliipata mwaka wa 1795. Waaustria nao wana mtu wao, Joseph Hardtmuth wa Vienna, aliyefikia njia kama hiyo miaka hiyo hiyo. Mimi sitaki ugomvi na Waaustria, lakini Conté ndiye aliyeifanya akiwa amebanwa na vita.

Uzuri mkubwa wa uvumbuzi wake ni huu. Ukizidisha udongo penseli inakuwa ngumu na mstari wake unakuwa wa kijivu. Ukizidisha grafaiti inakuwa laini na nyeusi. Kabla yake ulichukua kile ulichopewa na mlima. Baada yake fundi aliweza kuamua mwenyewe penseli iwe vipi. Yeye alizitofautisha kwa namba, na herufi tunazoziona leo zilikuja baadaye: H ni ngumu, B ni nyeusi, na HB imekaa katikati. 2B ni nyeusi kuliko B, 4B ni nyeusi zaidi, 2H ni ngumu kuliko H, na kadhalika.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna wanafunzi wanaotaka kuchukua somo la Sanaa na wanaogopa gharama. Muuzaji mmoja mjini alitaka kuniuzia boksi la penseli kumi na mbili akidai mchoraji hawezi kuanza bila hizo. Ati hawezi! Pesa hiyo kwetu wa shule ya kutwa ni nauli ya juma zima. Nikanunua tatu tu, HB, 2B na 4B, na nimechora nazo muhula mzima. HB ni ya kuanzia umbo kwa mistari myepesi, 2B ni ya mistari unayotaka ionekane, 4B ni ya vivuli vizito, kwa mfano chini ya gari la matatu au ndani ya pua ya ng'ombe. Zile za H acha kwanza, zinakwaruza karatasi na alama yake haifutiki vizuri. Raba tafuta nyeupe iliyo laini, si ile ngumu ya mwisho wa penseli ambayo huacha rangi. (Kabla raba hazijaanza kuuzwa huko Uingereza mwaka wa 1770, watu walifuta kwa mkate! Sisi tungeula.) Shapna ya kawaida inatosha, ila 4B ni afadhali kuichonga kwa wembe polepole kwani huvunjika upesi. Tena usiiangushe sakafuni. Kijiti cha ndani kinapasuka usikione, kisha kila ukichonga kinatoka kipande kipande, na wewe unabaki kumlaumu mwenye duka. Karatasi iwe na ukwaru kidogo. Ile inayong'aa haishiki grafaiti, inateleza tu.

Turudi kwa Conté. Zamani zile za vita Wafaransa walikuwa wakipandisha maputo makubwa yenye gesi ya haidrojeni ili askari waone adui kutoka angani. Conté alikuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo huko Meudon, karibu na Paris. Mnajua wenyewe kutoka somo la Kemia jinsi haidrojeni inavyopenda moto. Siku moja katika majaribio ya gesi ulitokea mlipuko, akapoteza jicho lake la kushoto. Mchoraji kupoteza jicho! Nimejaribu kuchora kikombe nikiwa nimefumba jicho moja, na umbali wote unapotea, hujui mkono wa kikombe uko mbele au nyuma. Yeye hakuacha kuchora.

Mwaka wa 1798 Napoleon Bonaparte alipoivamia Misri alichukua pia wataalamu wengi, na Conté akiwa miongoni mwao. Hapo ndipo maisha yake yanapoligusa bara letu, na si kwa njia ya heri tupu, kwa kuwa alifika na jeshi la wavamizi. Mwezi wa Agosti Waingereza wakaziteketeza meli za Ufaransa katika ghuba ya Aboukir, na mwezi wa Oktoba watu wa Cairo wakainuka dhidi ya wageni, vifaa vingi vya wataalamu vikaharibiwa. Wafaransa wakabaki mikono mitupu, mbali na kwao. Conté akaanzisha karakana, na kwa kuwa vyombo havikuwapo, akaanza kwa kutengeneza vyombo vya kutengenezea vyombo. Zikatoka panga, nguo za askari, mashine za kupiga sarafu, vifaa vya madaktari wa upasuaji, na hata vinu vinavyoendeshwa kwa upepo.

Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni picha alizochora huko. Wenzake wengi walikuwa wakikodolea macho mapiramidi na mahekalu. Conté alikaa pia na mafundi wa Cairo, akawachora wakiwa kazini pamoja na vyombo vyao, kila chombo mahali pake. Nadhani fundi humtambua fundi.

Aliporudi Ufaransa, serikali iliamua kuchapisha vitabu vikubwa kuhusu Misri, vyenye mamia ya picha. Kila picha ilibidi ichongwe kwanza juu ya bamba la shaba, na anga peke yake, mistari myembamba iliyofuatana mamia kwa mamia, ilimlia mchongaji miezi. Conté akaunda mashine ya kuchora mistari hiyo ikiwa sawasawa, kazi ya miezi ikawa ya siku chache.

Mkewe alifariki kabla yake, na wanaosimulia maisha yake husema pigo hilo lilimwelemea. Yeye mwenyewe alifariki Paris tarehe 6 Desemba mwaka wa 1805, akiwa na umri wa miaka 50. Sehemu za kwanza za vitabu vile vya Misri zilianza kutoka mwaka wa 1809. Kiwanda cha penseli kiliendelezwa na mkwewe, Arnould Humblot, aliyejiita Humblot-Conté ili jina lisipotee, na watu wa Sées wakamsimamishia mwana wao sanamu. Jina la Conté lingali limepigwa chapa kwenye vijiti vya kuchorea vinavyouzwa hadi leo, ingawa kwa bei yake, mimi bado nahesabu nauli.