Badruddin Lulu, Mtumwa Aliyeandikwa kwa Fedha

Katika nyumba niliyolelewa palikuwa na tasa ya shaba ambayo bibi yangu alikuwa akiisugua kwa ukwaju kila Ramadhani inapokaribia. Ukingoni mwake mlikuwa na maandishi yaliyokwisha kufifia, na kila nilipomwuliza ni jina la nani, bibi alisema hajui. Siku moja akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akaipima tasa kwa mizani kama nyama ya sokoni, akalipa, akaenda zake. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia maandishi ya vyombo, na ndivyo nilivyokutana na bwana huyu ninayewasimulia leo.

Ni Badruddin Lulu, aliyetawala mji wa Mosul, nchini Iraq, kando ya mto Tigris. Akina Badru ni wengi huku kwetu, na lulu kila mtu aijua. Lakini zama zile Lulu halikuwa jina la muungwana. Lilikuwa jina la mtumwa, kama vile huku pwani watumwa walivyoitwa Almasi na Feruzi: jina la kito, apewalo mtu aliyenunuliwa kwa pesa.

Yasemekana asili yake ni Armenia. Bwana wake alikuwa Nuruddin Arslan Shah, mfalme wa Mosul wa ukoo wa Zangi. Lulu alikuwa hodari na mwenye akili, hata bwana wake alipofariki mwaka 1211, mambo ya ufalme yakawa mikononi mwake. Mrithi wa bwana wake akafa mwaka 1218. Mwanawe naye hakudumu. Ndipo akatawazwa Nasiruddin Mahmud, mtoto wa miaka mitatu hivi. Wafalme wakaja na kupita, Lulu yuko pale pale.

Mtoto Mahmud alikuwa na babu mzaa mama, Muzaffaruddin wa Irbil, yule aliyesifika kwa maulidi makubwa aliyoyafanya kila mwaka. Babu huyo akafariki mwaka 1233, na haukupita muda kijana Mahmud naye akawa hayupo tena. Wanahistoria wengi wanamtuhumu Lulu kuwa ndiye aliyemwua. Khalifa wa Baghdad akamkubali mtumwa wa jana kuwa mfalme, naye akaitwa al-Malik al-Rahim, yaani Mfalme Mwenye Rehema. Wallahu aalam.

Sasa, msomaji, turudi kwenye shaba. Wakati huo mafundi wa Mosul walikuwa hawana kifani kwa kazi ya njumu. Fundi alifua shaba ya manjano ikawa birika, sinia, kinara au kijaluba. Akaichora, akachimba pale alipotaka pang'ae, kisha akapachika bamba jembamba la fedha na kuligongagonga mpaka kingo zikalibana. Chombo kikabaki ni cha shaba, na fedha ikawa pambo tu, jambo lenye uzito kwa watu wanaojua kuwa sheria imekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha.

Katika jumba la British Museum, London, liko birika lililofanywa Mosul katika mwezi wa Rajab mwaka 629 wa Hijra, yaani 1232. Fundi wake, Shuja bin Mana, ameacha jina lake juu yake. Mna wawindaji juu ya farasi, wapiga ala, na bibi ajitazamaye kwenye kioo. Ibn Said, msafiri wa Andalusia, aliandika kuwa vyombo vya Mosul vilikuwa vikipelekwa kwa wafalme.

Vyombo vitano vyenye jina la Lulu mwenyewe vinajulikana. Kimojawapo, kijaluba chenye kifuniko, kiko London vile vile. Juu yake zimepangwa lakabu za kifalme, moja baada ya nyingine, na pamoja nazo limo lile jina la utumwani: Lulu. Angeweza kuliacha, na nani angethubutu kumwuliza? Yeye akaamuru liandikwe kwa fedha.

Baghdad ilipoanguka mikononi mwa Wamongoli mwaka 1258, mzee huyo alikwenda kumsujudia Hulagu kwa zawadi, na Mosul ikasalimika. Akafariki mwaka 1259. Mwanawe akaasi, na mwaka 1262 Wamongoli wakauteka mji na kumwua. Makaburi mawili ya kifahari yaliyojengwa zama za Lulu, la Imamu Yahya na la Imamu Aunuddin, yalidumu karne nyingi mpaka yalipobomolewa mwaka 2014.

Enzi ikaondoka, majengo yakaanguka, shaba ikabaki na jina lake. Mimi simsifu mtu mwenye damu ya yatima shingoni, ikiwa ni kweli. Sijapata kuona chombo cha njumu chenye jina la kijana Mahmud. Maandishi hukaa na aliyeweza kumlipa fundi.

Basi ndugu yangu, kama mna sinia, mrashi au mdila wa kale nyumbani, kaa na wazee ukaulize ni wa nani na nani aliufua, uyaandike. Mwenye mizani akishafika, ataulizia uzito tu.