Bwana Nyama na simba wa Njombe

Mfanyabiashara anayetoka Tunduma kwenda Makambako hupita jirani na nchi ya Wabena, ambako simba walikula watu kuanzia 1932 hadi 1947. Idadi inayotajwa sana ni watu 1,500, ingawa mimi naiona ni makadirio tu.

Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwamaliza George Rushby, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900. Alikuwa Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori. Kumbe huyo huyo awali alikuwa jangili wa tembo, hata Kongo aliwinda!

Tatizo halikuwa bunduki. Simba walishambulia hata mchana, usiku wakasafiri mbali, kesho yake wakatokea kijiji kingine. Wanavijiji nao waliogopa hata kuwataja, wakiamini wanatumwa na mganga mmoja aliyevuliwa ujumbe na serikali. Habari zilichelewa, nyayo zikafutika.

Rushby na askari wake wa wanyamapori, ambao mimi nawahesabu sawa naye, waliua simba 15, na mauaji yakakoma. Wenyeji walisema simba wameondoka kwa kuwa mganga amerudishiwa cheo chake.