Claude Bernard na Siri ya Ini

Claude Bernard alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, Ufaransa, mtoto wa mkulima wa mizabibu. Ujanani alitaka kuandika tamthilia. Akaishia kwenye udaktari.

Wakati huo wengi waliamini kwamba mwili wa mnyama hauwezi kutengeneza sukari, ila huipata kwenye chakula. Mwaka 1855 Bernard alichukua ini la mbwa aliyelishwa nyama tupu kwa siku kadhaa, akapitisha maji kwenye mishipa yake mpaka sukari ikaisha kabisa, kisha akaliacha. Alipolipima kesho yake, sukari ilikuwa imerudi tele. Subhanallah, ini lenyewe ndilo lililoitengeneza! Mwaka 1857 akaitenga akiba inayozaa sukari hiyo, yaani glikojeni.

Mbwa huyo aliuawa kwanza, lakini wanyama wengine wengi aliwapasua wakiwa hai. Mkewe Fanny, ambaye mali yake ndiyo iliyomwezesha kuendelea na utafiti, hakuvumilia. Walitengana, na mabinti wakamfuata mama. Sisi tunaosoma habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tunamwelewa Fanny, hata kama madaktari wa kisukari wanaitegemea elimu ya mumewe hadi leo.

Bernard alifariki mwaka 1878, akazikwa kwa heshima za kitaifa.