Maisha ya Munganga James Braid, Aliyetafuta Siri ya Usingizi wa Hipnozi



Siku hizi tunasikia mabishano ku dortwari juu ya watu wanaolazwa kwa maneno tu, kisha munganga anawapasua bila wao kulia. Wengine wanasema ni uongo mtupu. Wengine wanasema ni ulozi, na ya kwamba mkristo asikaribie. Badala ya kubishana usiku na kuwanyima wengine usingizi wao wa kawaida, sisi tumeona heri kuwaeleza maisha ya mtu aliyelichunguza jambo hili kwa macho yake mwenyewe. Jina lake ni James Braid.

Alizaliwa Uskoti mwezi wa Juni 1795. Alijifunza kazi kwa waganga wa Leith, akasoma vilevile ku Universite ya Edinburgh. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Leadhills, kijiji cha milimani ambako watu walichimba madini ya risasi. Yeye ndiye aliyewatunza wachimbaji wale pamoja na jamaa zao. Halafu akahamia Dumfries, na mwaka 1828 akafika Manchester, mji mkubwa wa viwanda vya pamba, ambako alikaa mpaka kufa. Mikono yake ilikuwa ya ustadi. Alinyoosha watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, akapasua macho ya wenye makengeza. Lakini tusisahau jambo moja: wakati ule hapakuwa na dawa ya kulaza mgonjwa. Mtu alikamatwa na wanaume wenye nguvu, kisu kikaingia, naye anaona na kusikia yote. Munganga mwenye moyo mwema alijitahidi kupasua upesi, basi.

Sasa mwezi wa Novemba 1841 Mfaransa mmoja, Charles Lafontaine, alifika Manchester na mchezo wake. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Mesmer, munganga wa karne ya 18 aliyesema kwamba kuna nguvu fulani, kama maji yasiyoonekana, inayotoka kwa mtu na kuingia kwa mwingine. Wenye elimu wa Paris walikwisha kuyapima mafundisho yale mwaka 1784, nao hawakuona nguvu hiyo hata kidogo. Hata hivi, watu waliendelea kujaa kumtazama Lafontaine. Aliwakazia watu macho, akapitisha mikono mbele yao, wakasinzia. Kisha akawachoma sindano nao hawakushtuka.

Braid alikwenda kumtazama tarehe 13 Novemba, akifikiri atamkamata mwongo. Alirudi nyumbani vile alivyokwenda, bila kusadiki. Lakini alirudi tena siku nyingine, na safari hii aliona neno dogo: yule mtu aliyelala hakuweza kabisa kufungua kope zake. Hili halikuwa mchezo. Je, pengine macho yake yamechoka tu kwa kukazwa mahali pamoja?

Na hapa ndipo tunapompenda sana huyu mzee, kwa sababu hakungoja mashine wala feza za serikali. Tarehe 22 Novemba, nyumbani kwake, alimwambia rafiki yake kijana aketi na kukazia macho shingo ya chupa ya divai iliyowekwa juu kidogo, hata macho yaumie. Dakika tatu tu, machozi yakatoka, kope zikafunga, kichwa kikainama. Mama Braid alishangaa, naye akakubali kujaribiwa. Yeye alipewa kutazama bakuli ya sukari, yenye mapambo. Hakufika dakika tatu. Halafu wakamwita boyi wa nyumba aangalie dawa fulani kama vile anailinda, bila kumweleza kitu. Huyu naye akalala.

Mutacheka, lakini fikirini vizuri. Kama nguvu inatoka ku macho na mikono ya Lafontaine, ile ya chupa inatoka wapi? Bakuli ya sukari ina roho gani? Braid aliona kwamba jambo lote linafanyika ndani ya yule anayelala: macho yamechoka, na fikira zake zote zimefungwa ku kitu kimoja. Mwenye kulaza anaonyesha njia tu. Mwaka 1843 alitoa kitabu chake, na kutoka neno la Kigiriki la usingizi akapata jina ambalo dunia yote inalitumia leo, hipnozi. Baadaye yeye mwenyewe hakulipenda tena, kwa maana aliona wengi hawalali kabisa. Wanasikia na kukumbuka. Mwaka 1847 akatafuta jina lingine lenye maana ya wazo moja tu, lakini watu walikwisha kuzoea lile la kwanza.

Mateso hayakukosa. Tarehe 10 Aprili 1842 mchungaji mmoja wa Liverpool mwenye jina kubwa, Hugh M'Neile, alihubiri kwamba mambo haya ni kazi ya Shetani. Braid alimwandikia kwa adabu na kumweleza namna gani linafanyika, lakini mahubiri yalichapwa na kuuzwa. Basi mwezi wa Juni naye akachapa jibu lake. Mwezi uleule chama kikubwa cha wenye elimu kilikutana Manchester, kikakataa kusoma karatasi yake. Akakodi chumba, akawaalika waje waone kwa macho yao. Tunawaheshimu wachungaji, na tunajua kwamba kuna mambo ya giza. Lakini kuhukumu kitu ambacho mtu hakukwenda kukitazama, hapo sisi tunasimama upande wa munganga.

Na maumivu je? Braid aliandika juu ya watu aliowang'oa meno katika usingizi huo bila kuumia, na wengine ambao maumivu yao ya viungo yalipungua. Mwezi wa Septemba 1844 yeye mwenyewe alishikwa na baridi yabisi kali ku shingo, kifua na mkono wa kushoto, hata kulala akashindwa. Akawaita rafiki wawili wakae karibu, akajilaza kwa njia yake mwenyewe. Baada ya dakika 9 wakamwamsha. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Siku zilizofuata yalirudi kidogo, akajilaza tena. Kwa hiyo hakuna aliyemlaza isipokuwa yeye. Hata hivi hakujisifu kwamba ana dawa ya magonjwa yote. Alisema wazi kwamba haiko hivyo.

Wakati uleule, tangu 1845, Mskoti mwingine, James Esdaile, alipasua wagonjwa wengi karibu na Calcutta, Uhindi, kwa usingizi wa namna ya Mesmer. Lakini mwaka 1846 eteri ilitokea Marekani, na 1847 klorofomu huko Edinburgh. Dawa zile zinalaza karibu kila mtu, na upesi. Hipnozi hailazi wote sawasawa. Waganga wakaiacha, na tusiwalaumu.

Braid aliishi kuona jambo moja la kumfurahisha. Mwezi wa Desemba 1859, Paris, munganga Broca alipasua jipu la mwanamke aliyelazwa kwa njia ya Braid, na habari ikasomwa mbele ya wenye elimu wa Ufaransa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Machi 1860, Braid alikufa Manchester, kwa ghafula.

Mwaka 1955 chama cha waganga wa Uingereza kilikubali kwamba hipnozi inafaa kupunguza maumivu ya kupasuliwa na ya kuzaa. Na Liège, Ubelgiji, tangu 1992 maelfu ya wagonjwa wamepasuliwa hivi, wengi ku koo. Wanapewa sindano ya kufisha mahali pa kisu na dawa kidogo ya kutuliza, na mtu anayejua kazi anawaongoza kwa sauti ya polepole wafikiri juu ya mahali wanapopapenda. Hawalali. Ukiwauliza neno, wanakujibu.