Mwuza vitambaa na wanyama wa tone la maji

Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, inchi ya Uholanzi. Baba yake, msukaji wa vikapu, alikufa Antoni angali mtoto. Alipopata miaka 16, alikwenda Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Kisha akarudi kwao, akafungua duka. Hakusoma shule kubwa, wala hakujua Kilatini, lugha ya wenye elimu wa siku zile.

Wauza vitambaa walitazama nyuzi kwa kioo cha kukuza. Antoni akavipenda sana vioo hivyo. Akavisugua mwenyewe, vidogo sana, mpaka vingine vikakuza kitu zaidi ya mara 200.

Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa, akaona ndani yake wanyama wadogo wakienda huku na huku. Mwaka uliofuata alitazama maji ya mvua yaliyokaa siku chache katika chombo. Mle akaona wengine wenye umbo la kengele na mkia mwembamba. Mkia ulijikunja ghafula, kisha ukajinyosha. Wengine aliona wana vijiguu vyembamba mno.

Leo twajua kwamba wengi wao wana mwili wa seli moja tu. Vijiguu vile ni nywele fupi zipigazo maji kama makafi ya mtumbwi. Kwa nywele hizo huogelea. Yule wa kengele hushikamana mahali pamoja, na nywele zake humvutia maji yenye chakula.

Mwaka 1676 Antoni aliandika hayo yote kwa barua, akaipeleka London kwa Royal Society, chama cha wenye elimu. Wengi hawakusadiki. Lakini Antoni hakubadili neno lake. Aliwaita watu wanane waaminifu, wahubiri miongoni mwao, watazame na kushuhudia kwa maandiko. Mwaka 1677 Robert Hooke wa chama kile alijaribu mwenyewe. Mara ya kwanza hakuona kitu. Alipotengeneza kioo bora, akawaona, na wenzake pia. Mwaka 1680 chama kikampokea Antoni.

Alizidi kutazama na kuandika mpaka kufa kwake mwaka 1723, mwenye miaka 90.

Watoto, Mungu ameweka maajabu hata katika tone la maji. Tena, msema kweli akiitwa mwongo, haoni haya: huwaita watu waje watazame.

Maulizo
1. Wanyama wale huogeleaje?
2. Antoni alifanya nini watu walipokataa kusadiki?