Palwankar Baloo, Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Muhula uliopita, katika mazoezi ya kriketi ya Kidato cha Pili, lilitokea jambo lililowachekesha wengi. Kijana mmoja anayetumia mikono yote miwili sawasawa alirusha mipira mitatu kwa mkono wa kulia, na wa nne akaurusha kwa mkono wa kushoto bila kusema neno. Vijiti vikaruka, wenzake wakashangilia, na papo hapo mwamuzi akanyosha mkono na kutangaza kwamba mpira ule ni batili. Kijana alidhani amekatazwa kwa sababu ya mkono wenyewe. Sivyo. Sheria ya kriketi inamruhusu mrushaji kutumia mkono autakao, na hata kubadili mkono katikati ya zamu yake ya mipira sita. Inataka jambo moja tu: kwanza amwarifu mwamuzi, na mwamuzi amwarifu mpigaji, ili mtu asishtukizwe.

Tulipokuwa tukirudi bwenini nilimsikia mwenziwe akimtania kwamba bibi yake angemchapa kwa kutumia kushoto mbele za watu. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Mkono wa kulia ni wa kula, kupokea na kusalimia. Wa kushoto una kazi zake. Bara Hindi nako mambo ni hayo hayo. Ndiyo sababu nimependa kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu habari za mtu wa huko, ambaye mkono wake wa kushoto ulitafutwa na kila timu, hali mwenyewe akiwekewa kikombe chake mbali.

Palwankar Baloo alizaliwa Dharwad, magharibi ya Bara Hindi, katika miaka ya 1870. Jina la ukoo wake latokana na kijiji cha Palwan, pwani ya Konkan, iliko asili ya jamaa zake. Walikuwa watu wa tabaka la Chamar, ambao kazi yao ya jadi ni ngozi, na kwa kuwa ngozi hutoka kwa mnyama mfu, watu wa matabaka ya juu waliwahesabu kuwa najisi. Hawakuruhusiwa kuingia mahekaluni, wala kuteka maji katika visima vya wengine, wala kula nao sahani moja. Waliitwa watu wasioguswa. Baba yake alikuwa mtumishi wa jeshi huko Poona, mji ambao siku hizi huitwa Pune, na hapo Baloo na ndugu yake Shivram walijifunza kriketi kwa magongo na mipira iliyokwisha kutupwa na maofisa. Wadogo zao wawili, Vithal na Ganpat, walifuata nyayo hizo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika klabu ya Waparsi wa Poona, akifagia na kusawazisha pichi kwa mshahara wa rupia 3 kwa mwezi. (Rupia ni fedha ile ile waliyoitumia wazee wetu wa pwani mpaka miaka ya 1920, na Unguja hata baadaye.) Yapata mwaka wa 1892 akahamia klabu ya Wazungu, na mshahara ukapanda ukawa rupia 4. Alivuta roli, akachora mistari ya chokaa, akatandaza nyavu za mazoezi, akatunza na viwanja vya tenisi. Siku moja bwana mmoja alihitaji mtu wa kumrushia mpira, akamwita kijana huyu wa roli. Tangu hapo kazi yake ikawa nyingine kabisa.

Haifai nipite hapa bila ya kueleza namna ya urushaji wake, maana bila ya hayo habari zake zote hazina mguu. Baloo alikuwa mrushaji wa polepole. Hakuwatisha watu kwa nguvu. Aliuzungusha mpira kwa vidole. Mpira wa namna hiyo, ukitoka mkono wa kushoto, huja kana kwamba wauelekea mwili wa mpigaji anayeshika gongo kwa kulia, kisha ukigusa chini hupinda ukaenda nje, ukamwacha akilipiga hewa gongo lake au akiugusa mpira kwa ukingo na kudakwa nyuma yake. Wapigaji wengi hufanya mazoezi na warushaji wa kulia, ambao mpira wao wa kuzungusha aghalabu hupinda kwa upande wa pili; kwa hiyo macho na miguu yao imezoea njia moja. Baloo aliweza kuupinda mpira huku na huku, akabadili mwendo na urefu, na bado akauangusha pale pale alipokusudia. Usahihi huo haukuja kwa bahati. Ulikuja kwa sababu alirusha kila siku, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Aliyemfaidi zaidi ni J. G. Greig, mpigaji hodari kuliko wote miongoni mwa Wazungu wa Poona. Greig alimtaka afike uwanjani saa nzima kabla ya wengine ili amrushie yeye peke yake. Yasimuliwa kwamba alimlipa anna nane, yaani nusu rupia, kila mara Baloo alipofaulu kumtoa. Ukikumbuka mshahara wake ulikuwa rupia nne kwa mwezi, utaelewa kwa nini kijana alirusha kwa bidii! Lakini katika miaka yote hiyo hakupewa gongo ashike hata mara moja. Kupiga ilikuwa starehe ya mabwana. Kurusha ilikuwa kazi ya mtumishi.

Sasa, katika mji huo huo Wahindu walikuwa na timu yao, na haja yao kubwa ilikuwa kuwashinda Wazungu. Habari za kijana aliyekuwa akimsumbua Greig ziliwafikia. Wengine walitaka aitwe. Mabrahmini wenyeji, tabaka la makuhani, wakakataa katakata: je, tucheze na Chamar? Greig mwenyewe alitoa maoni kwamba Wahindu watakuwa wajinga wakijinyima mrushaji kama huyo. Mwishowe tamaa ya kushinda ikashinda, na Baloo akaingia timu.

Walimpokea vipi? Uwanjani aligusa mpira ule ule walioushika Mabrahmini, wala hapakuwa na aliyekwenda kunawa kila mpira ulipomjia. Ilipofika saa ya chai, wenzake waliingia bandani wakanywa katika vikombe vya kauri. Yeye aliletewa chai yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa baada ya kutumika. Akitaka kunawa uso, alimiminiwa maji na mtumishi wa tabaka lake. Chakula alikula peke yake. Mimi hujiuliza mara nyingi alikuwa akiwaza nini pale nje na kikombe chake, huku akisikia ndani wakizihesabu wiketi alizowapatia.

Basi timu hiyo ikaenda Satara kupambana na klabu ya Wazungu, na wenyeji wakawa wameisawazisha pichi kwa muda wa juma zima ili mpira wa Baloo usipate kupinda. Hata hivyo alitoa watu saba, na Wahindu wakashinda. Waliporudi, Mahadev Govind Ranade, jaji na mtu mashuhuri katika harakati za kurekebisha desturi, alizungumza hadharani kwamba kama waweza kucheza naye hawana sababu ya kutokula naye. Neno hilo liliwachoma baadhi yao, kwa kuwa Ranade naye alikuwa Mbrahmini.

Tauni ilipoingia Poona mwaka wa 1896, Baloo alihamia Bombay, na huko akacheza katika klabu kubwa ya Wahindu huku akipata riziki yake kwa kazi ya reli. Mabishano ya Poona yalirudiwa huko, ingawa kwa sauti ndogo. Mwezi wa Februari 1906 ndipo jina lake lilipoenea. Wahindu na Wazungu walikutana Bombay. Wahindu walipata mikimbio 242, Wazungu 191. Mara ya pili Wahindu 160, na Wazungu, waliohitaji 212 ili kushinda, wakatolewa wote kwa 102. Baloo alitoa watu watatu katika zamu ya kwanza na watano katika ya pili. Shivram naye alikuwamo. Katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kigeni ushindi huo ulisherehekewa mno, na yapo magazeti yaliyoandika kuwa somo lake halikuwa juu ya Wazungu tu, bali pia juu ya Wahindu waliokwisha kukubali kuketi na ndugu hawa meza moja. Maana kwa wakati huo kikombe cha udongo kilikuwa kimekwisha.

Mwaka wa 1911 timu ya Bara Hindi nzima, Wahindu, Waislamu na Waparsi pamoja, na nahodha wao Kalasinga, Maharaja kijana wa Patiala, ilikwenda Uingereza. Ilishindwa michezo mingi. Nahodha mwenyewe aliandamwa na karamu za kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, akaonekana uwanjani mara chache tu. Mzigo wa urushaji ukamwangukia Baloo, aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka 30 na ushei, na bega likimuuma. Alitoa watu 114 katika ziara hiyo, kwa wastani usiofika mikimbio 19 kwa wiketi moja. Nane kati yao aliwatoa katika zamu moja tu dhidi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporudi Bombay, watu wasioguswa walimfanyia mapokezi makubwa, na inasimuliwa kuwa risala ya kumkaribisha iliandikwa na kijana mmoja mwanafunzi, B. R. Ambedkar. Jina hilo mlishike, litarudi.

Tufike sasa kwenye unahodha. Katika Bombay palikuwa na mashindano ya kila mwaka kati ya Wahindu, Wazungu na Waparsi, na kuanzia 1912 Waislamu wakaingia. Hapakuwa na Mhindu mrushaji aliyemzidi Baloo, wala aliyecheza miaka mingi kama yeye. Kila mwaka watu waliuliza kwa nini si nahodha, na kila mwaka akachaguliwa mtu wa tabaka la juu. M. D. Pai, aliyepewa cheo hicho mwaka wa 1913, alisema wazi kwamba heshima hiyo ilimstahili Baloo. Maneno mazuri, lakini cheo alikichukua.

Mwaka wa 1920 mambo yalipasuka. Pai aliugua, na badala ya uongozi kumwangukia Baloo, ukapewa D. B. Deodhar, Mbrahmini aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Vithal na Shivram wakajitoa katika timu. Hawakutukana mtu, walieleza tu kwamba hawawezi kuchezea watu wanaomdharau kaka yao kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Vithal wakati huo alikuwa mpigaji bora wa Wahindu, na mji mzima ukazungumza. Wakubwa wakalegea. Pai alipopona akarudi kuwa nahodha, Baloo akafanywa makamu wake, na ndugu wawili wakarejea. Kisha, katika mchezo na Waparsi, Pai alitoka uwanjani kwa muda, na Baloo akawaongoza Wahindu. Muda huo ndio unahodha wote alioupata katika mashindano yale. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka 40.

Miaka mitatu baadaye, 1923, Vithal alifanywa nahodha kamili. Wahindu wakashinda Wazungu, na watu wa matabaka ya juu wakambeba Vithal mabegani.

Baadaye Baloo aliingia siasa, na humo hakufuzu kama uwanjani. Mwaka wa 1932 palikuwa na hoja ya kuwatenga watu wasioguswa wapige kura peke yao. Ambedkar, kiongozi wao mkuu, aliitaka. Gandhi akaipinga kwa kufunga. Baloo alisimama upande wa Gandhi, akawa miongoni mwa waliomsihi Ambedkar akubali mapatano. Mwaka wa 1937 chama cha Congress kilimsimamisha Bombay ashindane na Ambedkar huyo huyo aliyekuwa akimtukuza zamani. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo 11,225. Wako wanaomlaumu Baloo kwa kukubali kutumiwa dhidi ya mtetezi wa watu wake. Mimi sioni wepesi wa kuhukumu: mtu aliyepata kila kitu chake kwa kucheza pamoja na wengine haishangazi akichelea utengano. Lakini Ambedkar ndiye aliyeongoza kamati iliyoandaa katiba ya India, ambayo tangu 1950 imepiga marufuku desturi ya kutoguswa, na Baloo aliishi akaiona.

India ilicheza mchezo wake wa kwanza wa kimataifa na Uingereza mwaka wa 1932, Baloo akiwa amezeeka, kwa hiyo jina lake halimo katika vitabu vya michezo hiyo. Katika michezo ya daraja la kwanza alicheza mara 33, akapata wiketi 179. Alifariki Bombay mwezi wa Julai 1955. Mazishi yake yalifanyika Santacruz, na waliomsindikiza walikuwa viongozi wa taifa na wabunge.